Ng'ombe wa Mjapani Hana Huzuni

Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini kuna darasa zima hapa Marekani limefundishwa kwa maneno yangu. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo.

Mjukuu wangu wa kike alipewa kazi na mwalimu: achague picha moja makumbushoni, kisha asimame mbele ya wenzake aieleze. Na mtoto yule ana aibu! Basi Jumamosi tukapanda treni hapa Takoma Park, mimi na yeye, hao mjini.

Akachagua ng'ombe. Mjapani wa zamani za kale kamchora kwa wino mweusi mtupu, mistari michache tu, kalala chini, macho kayafumba nusu. Mtoto akaandika kwenye daftari, akanisomea: ng'ombe huyu mpweke, ana huzuni, anataka kulia.

Nikasema, "Huzuni? Huyo kashiba! Anacheua."

"Anache... nini, Bibi?"

Kumbe neno hilo hana! Angelipata wapi, na maziwa kwake yanatoka kwenye galoni? Nikamwonyesha taya lilivyokwenda upande. "Majani ya asubuhi anayarudisha mdomoni, anayatafuna tena taratibu. Ng'ombe mwenye hofu hacheui. Na huyo Mjapani kakaa naye kabisa, hakuhadithiwa."

Nikacheua mwenyewe palepale, taya huku, taya kule. Mlinzi akanikodolea macho. Mjukuu akanivuta kitenge: "Bibi, acha, watu wanatuangalia!" Huku anacheka mpaka machozi yanamtoka.

Akafuta yote, akaandika upya.

Siku yenyewe nilikaa dirishani tangu saa nane mchana, chai imepoa mkononi. Akaingia mbio, begi bado mgongoni.

"Bibi, nimeongea mpaka mwalimu akasema muda umeisha! Wote nimewafundisha kucheua!"

Darasa zima, watoto wa kila taifa, wanasukuma taya! Mwalimu akamwomba aandike hilo neno ubaoni, naye akaliandika kubwa. Halafu akaulizwa kalitoa wapi.

"Nikawaambia, Bibi yangu alikuwa na ng'ombe."

"Alikuwa?" nikamwambia. "We mtoto, kesho rudi ukawarekebishe. Ninao kumi na mmoja, wako Singida kwa kaka yangu, na wawili wana mimba."