Goti la Kushoto

Fundi huyu hakanyagi klachi. Huchuchumaa mlangoni mwa gari, akaibonyeza pedali kwa kiganja, macho kayafumba, kama mtu anayesikiliza maneno ya chumba cha pili. Kisha huinama kwenye injini, akaikaza nati ya kebo kidogo tu, akajifuta kidole kimoja kimoja, akarudi kubonyeza. Haharakishwi. Mwenye gari alisimama pembeni, roho ikimuuma, maana asubuhi mkewe alimwambia, "Lipeleke kwa yule yule, ndiye anayenijulia."

"Shemeji," fundi aliita, kwani alikwisha kumfanya mke wa mtu dada yake, "goti la dada bado linamsumbua?"

"Goti gani?"

"La kushoto. Nimeiweka klachi ishike juu, asihangaike kukanyaga mpaka chini."

"Aa, hilo! Nalijua," mume alidanganya, akaingia, akawasha, akaachia klachi. Gari likaruka, likazima. Akawasha tena, likazima tena. Fundi akainama dirishani na ile sauti yake ya upole, ambayo mke haishi kuisifia nyumbani.

"Taratibu, shemeji. Usikanyage kama wewe. Kanyaga kama yeye."