Watanzania Walete Mbuzi

Niliondoka Karatu kwa sababu ya mtamba mmoja. Mdogo wangu alikuwa anaoa, mahari ilipungua ng'ombe mmoja, na ng'ombe huyo marehemu baba alimwacha kwa rafiki yake Mmaasai, Mzee Kitasho, kule Nainokanoka juu Ngorongoro. Wakwe walisema mwisho Jumamosi, la sivyo binti haondoki. Mimi nilikuwa mwalimu wa siasa, shule ya msingi. Kila wiki nilifundisha kwamba makabila yamekwisha, sisi sote ndugu.

Jumatano asubuhi nilipanda lori la mahindi. Kabla ya geti la hifadhi tulikuwa mataifa mawili: sisi tuliokalia magunia, na wale waliosimama nyuma wakila vumbi. Sisi wa magunia tulishakubaliana kwamba wale hawana adabu. Niliunga mkono hoja.

Alasiri nilifika. Mzee Kitasho alinitemea mate ya baraka kiganjani. "Mtamba wako yuko malishoni na mwanangu. Nenda kamwone."

Huko niliwakuta morani sita kichakani, mwana wa Mzee akiwa mmoja wao, wamechinja mbuzi. Walinikatia ubavu, nami nikaushambulia. Mara akapita mke wa Mzee na kuni mgongoni. Nyumbani kwetu hutafuni mbele ya mtu bila kumkaribisha.

"Mama, karibu tule!"

Mama akageuka, akaiona nyama, akaziba mdomo kwa kiganja. Visu vikashuka. Nyama ikishaonwa na mke wa mtu, morani haili tena. Mbuzi mzima, tena mnono, nilimharibu kwa adabu yangu.

"Layoni!" akafoka mwana wa Mzee. Maana yake mimi mtoto ambaye bado hajatahiriwa, na nina watoto watatu! "Rika lako lipi? Lilipe!"

Kwao mmoja akikosa, wote waliotahiriwa pamoja naye hulipa.

"Sina rika. Mimi ni Mtanzania."

"Basi Watanzania walete mbuzi. Mpaka hapo, mtamba hatoki."

Jioni ileile wazee walikaa. Niliogopa kweli, niliiona harusi ikivunjika kwa ajili ya ubavu. Mwishowe Mzee Kitasho akasema, "Baba yake tulikula naye miaka yote. Tulimhesabu wa rika letu. Kosa hili ni letu."

Wazee walilalamika sana, wakatoa mbuzi mwingine kwa morani. Halafu, kwa kuwa mwiko ule hauwahusu, wakaimaliza ile nyama yote iliyoharibika.

"Mwalimu," mmoja akaninong'oneza akijipangusa mafuta, "uje tena."

Alhamisi alfajiri nilianza kushuka na mtamba kwa miguu, na Ijumaa jioni tuliingia Karatu.

Jumamosi, kwa wakwe, mjomba wa binti alilitazama sikio la mtamba lenye alama ya ukoo wa Mzee Kitasho, akasonya. "Wa Wamaasai huyu. Wale wezi tu tangu zamani."

"Mjomba, chunga mdomo wako," nikasema kwa hasira iliyonishtua mwenyewe. "Hao ni wazee wetu."

Baba wa binti akaishika kamba, akamwingiza mtamba zizini, na harusi ikapona. Mjomba hajanisalimia hadi leo.

Basi nilichojifunza ni hiki: nilipanda mlima nikijiona sina kundi wala adui. Nilirudi ninavyo vyote viwili, na sijawahi kujisikia vizuri namna ile.