Mayai ya Rangi ya Jumamosi Kuu

Nikisikia harufu ya siki, hata leo, moyo hunipiga paa. Wenzangu hukumbuka chipsi. Mimi namwona mama yangu ameinama juu ya bakuli la rangi, jikoni kwetu ughaibuni, mtaa wa Jane na Finch, orofa ya tisa, nami nina miaka minane.

Mwaka ule Bibi, mama yake Mama, alikuwa amelazwa Iringa. Wiki nzima Mama alikwangua kadi za simu na kupiga nyumbani, na kila mara aliambiwa mgonjwa anaendelea vizuri, ila amelala, hawezi kuongea. Mama hakuamini. Alikuwa hali, anaunguza wali, anatuita kwa majina yasiyo yetu. Alitaka kitu kimoja tu, asikie sauti ya mama yake.

Basi Jumamosi Kuu, ili mikono yake ipate cha kufanya, akaamua tutie mayai rangi. Ufundi huo aliupata kwenye kituo cha kulea watoto alikofanya kazi. Yai lililochemshwa unalitumbukiza kwanza kwenye rangi ya njano yenye siki, unalikausha, kisha unalibiringisha kwenye rangi nyingine iliyotiwa kijiko cha mafuta ya kupikia. Palipogusa mafuta rangi haishiki, na yai linatoka na michirizi kama marumaru. Nilikuwa bluu hadi viwiko, na msinicheke, nilijiona fundi.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Neema, rafiki yake Mama wa kanisani, pamoja na akina mama wawili wa jumuiya yetu, wamejifunga khanga chini ya makoti ya baridi. Mama Neema alikuwa amebeba sufuria kubwa ya jumuiya.

"Tumepita tu kukusalimu, Mama Rehema," alisema.

Mama aliitazama ile sufuria. Akaitazama tena.

"Karibuni," akasema. "Njooni mnisaidie mayai."

Huyu Mama Neema mwaka uliotangulia aliyacheka mayai yetu hadi machozi, akisema Wazungu wamekosa kazi, chakula wanakipaka rangi. Siku ile alikunja mikono ya blauzi na kubiringisha yai kimya kimya. Mama akauliza, kama anayeuliza tu, kwa nini Baba alikuwa hapokei simu kule kazini kwake, ghalani Downsview.

"Yuko njiani," Mama Neema alijibu upesi, kisha akainamisha macho.

Hapo Mama akazidi kuchangamka. Aliongea mfululizo, mara rangi, mara theluji isiyotaka kwisha. Kila mtu alipofungua mdomo alimtia yai mkononi. "Hilo bado, shoga yangu, liongeze kijani." Rangi ikamwagika mezani, wala hakuifuta. Mayai yalipokwisha akanigeukia.

"Rehema, nenda kwa jirani ukaombe mayai. Hata mawili. Nenda polepole mwanangu, usije ukaanguka."

Jirani hakuwa na mayai. Nikirudi mbio nilimkuta Baba, bado amevaa buti za kazini, anatoka kwenye lifti na padri wetu. Baba akanishika mkono. Tukaingia pamoja, na mimi ndiye niliyetangulia kusema, kwa Kiingereza kama ilivyokuwa kawaida yetu watoto, kwamba jirani hana hata yai moja.

Mama akapiga yowe ambalo sijapata kulisikia tena. Wale akina mama walimdaka kabla hajafika sakafuni.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kilichomliza ni mayai. Nilikuja kuelewa nilipokuwa mtu mzima, siku nilipobebeshwa chupa ya chai kwenda kukaa na mwenzetu ambaye hajui kwamba amefiwa. Kwetu mtu hapewi habari ya kifo akiwa peke yake. Watu hutangulia, wakakaa naye, hadi wa kuisema afike. Mama naye alishawahi kwenda hivyo kwa wengine. Alijua tangu mlangoni. Lakini maadamu lilikuwapo yai la kutia rangi, hakuna aliyethubutu kuitamka habari ile, na kwa hiyo mama yake alikuwa hajafa. Alinituma nikamtafutie dakika chache zaidi za kuwa na mama, nami nikarudi mbio.