Mkeka wa Mama kwenye Ukuta wa Mtaa

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi chini ya miguu yetu na kuitia alfajiri rangi bila brashi wala ndoo. Namshukuru kwa umri alionipa, na kwa magoti ambayo bado yanakunjika nikitaka kusujudu. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, jamaa zake na masahaba zake. Baada ya hayo, nataka kueleza habari ya ukuta mmoja.

Mimi ni mtu wa Pemba. Sehemu kubwa ya umri wangu nimeishi Jidda nikisomesha watoto Kurani, na chumba changu kiko Bani Malik, juu ya duka la muuza mikate. Mtaani kwetu kilipojengwa kituo cha jamii, kamati ilitaka ukuta wa ukumbini uwekwe kazi ya sanaa. Ukuta wenyewe unatazama barabara kupitia vioo, na kila apitaye anauona. Mwenyekiti wa kamati, mwenyeji wa hapa, mwalimu mstaafu, aliniomba nikae nao ili wageni wa mtaa nao wawe na mtu wa kuwasemea.

Vikao vya mwanzo vilikuwa vya kucheka. Mmoja alipendekeza birika kubwa la kahawa, la shaba. Mwenyekiti akamjibu, "Ndugu yangu, katika mji huu kila gari linapogeuka kwenye mzunguko linazunguka sanamu ya birika. Tutafutie kitu kisichomimina."

Hatimaye kazi akapewa dereva mmoja Mkenya, Mkristo, mtu mzima aliyeanza kuota mvi ndevuni, anayeendesha gari la familia moja ya Aziziya. Kwao alikuwa akichora mabango ya maduka. Kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini nchini, ambaye yeye humwita baba, alimruhusu afanye kazi ile siku za Ijumaa, baada ya kumaliza kuwapeleka watu wa nyumbani kwa jamaa zao.

Mchoro wake wa kwanza ulikuwa wa watu wa mtaa: muuza mikate, mama na mwanawe, wafagiaji wa barabara. Nyuso zao zilikuwa hai kabisa, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Kamati ilinitazama mimi, kwa kuwa ndiye niliyesoma dini.

"Wenye roho hapana, mwanangu," nilimwambia. "Si kwenye ukuta huu."

"Sasa mzee, mtaa bila watu ni mtaa gani?"

"Chora walikopita. Wao wenyewe waache."

Hakunielewa, na kusema kweli hata mimi sikujua hasa nilichomwambia. Ijumaa iliyofuata alikuja chumbani kwangu tuzungumze zaidi. Nikatia chai. Nilipogeuka kumpa kikombe nikamkuta amesimama mbele ya mkeka wangu.

Mkeka huo alinisukia marehemu mama. Ni wa ukindu uliotiwa rangi nyekundu, kijani na zambarau, na umekaribia mraba, kwa sababu ukindu ulimwishia kabla haujafika urefu wa mtu kusalia. Nikisujudu, miguu yangu hubaki kwenye sakafu. Nisipousalia huuning'iniza msumarini kwa pembe moja, kama mama alivyonizoesha, vumbi limwagike na upepo upite pande zote.

"Mzee, hii kitu umeificha hapa siku zote?"

"Sijaificha. Naisalia."

"Hii ndio watu walikopita," akasema, akatoa karatasi na penseli za rangi, akaanza kuchora pale pale aliposimama.

"Chora sawasawa," nikamtania. "Ukikosea, mama atakuja kukukemea ndotoni."

"Alikuwa mkali?"

"Alikuwa fundi."

Kamati iliupenda mchoro ule. Ulikuwa kwenye karatasi ndogo, haizidi sahani, na hata mimi nilipoutazama niliona rangi za mama nikaridhika. Mchoraji akafunika ukuta kwa karatasi ili watu wasione kazi kabla haijakamilika, akaanza. Binti yangu anayeishi Riyadh akajifungua, nikaenda kumwona mjukuu, na mkeka wangu nikaukunja nikaenda nao, maana siendi safari bila huo.

Asubuhi moja nikiwa Riyadh, mwenyekiti alinipigia simu. Hakuniuliza hali.

"Ewe ami, rudi. Jana wamefunua ukuta. Umejaa misalaba."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Kila umbo lilikuwa na urefu wa mtu, na picha zilikuwa zimeshapita kwenye simu za mtaa mzima. Mjumbe mwenzetu mmoja, aliyekuwa mkaguzi wa shule, alisema dereva ametutilia ishara ya dini yake kwa hila, tena ndani ya nyumba ya watu wote. Kamati ingekaa siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Mchoraji akishindwa kujieleza, mkaguzi angelipeleka jambo kwa wakubwa. Na kafili alikuwa ameshasema kwamba hataki matatizo. Angemfungia dereva wake ikama, kile kibali cha kukaa nchini, na kumpandisha ndege.

Nikampigia mchoraji. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu anayezungumza chini ya shuka.

"Mzee, mimi nilichora chenye niliona. Hakuna kingine. Msichana wangu anafanya mtihani mwaka huu. Nikirudishwa na hiyo kesi, ni kafili gani mwingine atanishika?"

"Umesali?"

"Nimesali vile ninajua."

"Basi ngoja hapo. Nakuja na mkeka wenyewe."

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto begani, na alikuwa amesikia.

"Baba, usiende."

"Mkeka ni wangu, mwanangu."

"Ndiyo maana nakwambia usiende! Wakishaona mkeka ni wako, watasema mzee ndiye aliyemfundisha. Wewe nawe si mgeni? Ikama yako si iko mkononi mwa mtu?"

Alisema kweli. Nilikaa kitini. Nimesoma aya za kutoa ushahidi tangu utotoni na kuwafasiria wengine, lakini asubuhi ile nilitamani niwe sizijui. Mkwe wangu, anayefanya kazi katika mkahawa mmoja wa Sulimaniya, mtu asiyekuwa na maneno mengi, alikuwa akibonyeza simu yake muda wote huo. Akanyanyua kichwa.

"Tikiti nimekata, baba. Ndege ya adhuhuri. Yalla, gari liko chini."

Binti yangu alimtazama mumewe kwa jicho ambalo sitaki kulieleza. Kisha akanifungia mkate na mayai kwenye karatasi, akautia mkononi mwangu.

Ndani ya ndege niliuweka mkeka kati ya magoti, umekunjwa na kufungwa kamba. Sikuufungua, kwa kuwa nilikuwa na hakika nao. Niliwaza kwamba nikiutandika tu, kila mtu ataona kuwa mchoraji amenakili kazi ya mwanamke Mwislamu, na maneno yataisha.

Nilipoingia ukumbini, alasiri ilikuwa imeshasaliwa. Niliuona ukuta kabla sijawaona watu. Walikuwa hawakumsingizia. Misalaba ilisimama wima, myekundu juu ya kijani, imepangika kutoka chini hadi darini.

Mchoraji alisimama karibu na mlango, mikono nyuma. Kafili wake alikaa kwenye kiti akichezea funguo za gari, wala hakumtazama. Mkaguzi alikuwa akizungumza.

"Wewe dini yako ipi?"

"Mkristo, bosi."

"Na hii ni nini?"

"Ni mkeka."

"Mkeka!" Mkaguzi akatugeukia. "Mimi nina macho. Huu, na huu, na ule pale. Mkeka gani wa Waislamu una haya?"

"Wangu," nikasema.

Kila mtu aligeuka. Nilisalimu, wakaitikia. Nikafungua kamba na kuutandika mkeka sakafuni katikati yao, upande wa kusujudia ukielekea kibla, kama nilivyozoea. Kisha nikarudi nyuma nikawaacha watazame.

Hapo nami nikautazama kwa macho yao. Rangi zilikuwa zile zile, lakini juu ya mkeka hapakuwa na msalaba hata mmoja. Palikuwa na mistari iliyokatana kwa mshazari na miraba midogo iliyokaa kwa ncha.

"Alhamdulillahi, mzee ametuletea ushahidi," mkaguzi akasema polepole. "Mkeka ni safi. Kwa hiyo aliyeugeuza ni yeye."

"Mzee?" mchoraji akaita. Aliniita mimi, si wao.

Kafili akasimama, akatia funguo mfukoni. "Halas," akasema. "Nimesikia ya kutosha."

Mwenyezi Mungu anajua hali yangu wakati ule. Nimekuja kumwokoa mtu, na kwa mkono wangu mwenyewe nimemfunga. Nikashika ukingo wa meza. Nikamuuliza mchoraji kwa Kiswahili, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kufanya:

"Ulipouchora, ulikuwa umesimama wapi?"

"Kwako tu, mzee. Ulikuwa unatengeneza chai. Mkeka ulikuwa kwa ukuta."

Kwa ukuta. Kwenye msumari, kwa pembe moja.

Nilitaka kuueleza kwa maneno nikaona Kiarabu changu kimenikimbia. Nikainama, nikauokota mkeka na kuunyanyua kwa pembe yake, lakini mkono wangu wa kizee haukufika juu vya kutosha na chini uliburura. Nikamgeukia aliye karibu, naye alikuwa kafili.

"Tafadhali, wewe mrefu. Shika hapa. Pembe hii tu. Nyanyua."

Alisita. Kisha akaushika, akaunyanyua juu ya kilemba chake, na mkeka ukajinyoosha kwa uzito wake. Mistari ya mshazari ikawa wima na mlalo. Misalaba ikasimama, ile ile ya ukutani, umbo kwa umbo.

"Teremsha," mkaguzi akasema. Kafili akauweka chini, misalaba ikapotea. "Nyanyua." Ikarudi. Mkaguzi alikaribia, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha wa pili, kama mtu mwenye maji sikioni. Alitazama mkeka, akatazama ukuta, akatazama mkeka tena.

"Nani huning'iniza mkeka hivi?" aliniuliza, na sauti yake ilikuwa karibu ya malalamiko.

"Mama yangu. Ili vumbi limwagike."

"Nawe unausalia?"

"Tangu alipofariki."

"Na hukuona?"

"Sijawahi kuusalia ukutani."

Mwenyekiti ndiye aliyeanza kucheka, wa pili akafuata. Mkaguzi hakucheka. Alikuwa mtu anayemcha Mungu kwa namna yake, na nilimwona anapigana na nafsi yake waziwazi. Alimwendea mchoraji, akasimama mbele yake.

"Nilikudhania vibaya," akasema. "Nisamehe."

"Mafi mushkila, bosi, hakuna shida," mchoraji akajibu, lakini macho yake yalikuwa kwa kafili, kwa kuwa maisha yake yalikuwa mkononi mwa yule, na si mwa huyu.

Kafili bado alikuwa ameshika pembe ya mkeka. Aliutazama mkono wake, kama aliyeshangaa kujikuta na kitu hicho. "Kesho saa moja, shuleni kwa watoto," akamwambia dereva wake. "Usichelewe." Akanirudishia mkeka, akatoka.

Mchoraji alikaa chini pale pale mlangoni akafunika uso.

Ukuta, bila shaka, haukuweza kubaki vile. Mpita njia hana mtu wa kumshikia pembe akamweleza. Kamati ikaamua uchorwe upya, kama mkeka unavyoonekana sakafuni. Mchoraji alikubali bila kubishana, ila alitoa sharti moja, na lilikuwa juu yangu mimi: mkeka ubaki kituoni, umetandikwa mbele yake, mpaka amalize.

Nikamwachia. Siku zile nilisalia zulia la kununua, zuri na refu, hata miguu yangu ilipata nafasi, na kila nikiweka paji la uso nilikosa harufu ya ukindu. Ijumaa baada ya swala nilikwenda kukaa naye. Hakuwa na mizaha tena kama zamani. Mkaguzi naye alikuwa akija na tende na kahawa, anakaa kitako kando ya mkeka, na mara kwa mara anamwonyesha kwa kidole mstari uliopinda. Mchoraji alikuwa akinywa kahawa yake, anasema shukrani, na kuendelea. Sikumhimiza awe mwepesi zaidi ya hapo. Aliyetishwa kiasi kile, moyo wake hurudi kwa wakati wake.

Sasa ukuta umekwisha. Jioni, dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani wakipata ruhusa ya kutoka, husimama nje ya vioo na kuutazama. Namsikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba kwao bibi yake alisuka hivyo hivyo. Upande wa chini mchoraji ameacha mstari wa mwisho haukufika pembeni, kama mama alivyouacha ukindu ulipomwishia. Kamati ilimuuliza kama amesahau. Akasema hapana, hivyo ndivyo alivyoona.

Nilimuuliza juzi kuhusu binti yake. Amesema amefaulu.

Nawe uliyevumilia kusoma maneno ya mzee mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akujaalie jirani atakayekuuliza kabla ya kukuhukumu, akulinde na dhana mbaya, yako na ya watu, na akutandikie pahala pema pa kusujudu, popote riziki itakapokupeleka. Amin.