Mama Niliyemkataza Kutembea

Harufu ya sabuni ya mche ikinipiga puani, mpaka leo naangalia chini. Nyumba yetu ya mabati kule Kawangware ilinukia hivyo msimu mzima wa mvua, maana akina mama wa kanisa walikuja kwa zamu kutufulia, wakapika, wakaomba, wakamaliza na majani yetu ya chai, lakini hayo ya chai niyaache. Mama alikuwa akifua nguo za matajiri wa Lavington hadi moyo wake ukachoka. Miguu ikavimba, akawa anahema hata akifunga kitambaa kichwani. Daktari akasema alale tu. Siku hizo ndivyo wagonjwa wa moyo walivyoambiwa.

Mimi niliachia shule darasa la nne, lakini macho nilikuwa nayo. Wageni wakishaondoka, mama alivaa viatu vyake vya raba akaenda polepole barabarani, akasimama, akapumua, akarudi. "Nikitembea kidogo, Wambui, huu moyo unaacha kurukaruka. Usimwambie mtu." Kila wiki akaongeza hatua, na nikaona hata uso wake umeanza kurudi.

Halafu siku moja kwenye foleni ya maji, mwenyekiti wa wale akina mama akapaza sauti. "Mama Wambui ameonekana barabarani, anatembea kama mtalii, na sisi huku tunamfulia mashuka! Huyo ni mgonjwa ama ni bibi arusi?" Foleni nzima ikacheka. Watoto niliocheza nao wakacheka. Masikio yakaniwaka. Walipokuja kuomba mchana ule, hata kabla hawajafumba macho, nikamchongea mama: "Ni kweli. Hutembea mkitoka."

Mama aligeukia ukuta. Kuanzia hapo walikaa naye mpaka baba arudi kutoka kazini River Road, na wasipokuwepo, mlinzi nikawa mimi.

"Wambui, niache nifike tu hapo nje."

"Daktari alikataa, mama."

Nilisema hivyo kwa ukali, mtoto wa miaka kumi. Mapaja yake yakaisha kitandani, na kabla ya mahindi kukomaa tukamzika. Daktari wangu wa siku hizi huniambia labda moyo ule ungesimama hata hivyo. Labda. Mimi ndiye niliyekaa mlangoni.

Sasa ugonjwa ni wangu. Mara mbili kwa wiki napelekwa kliniki karibu na Adams Arcade, na msichana wa mazoezi anatutembeza wazee huku ameshika saa. "Polepole, shosh," huniambia kama mjukuu kwa nyanya yake. "Ukishindwa kuongea, ujue umezidisha." Juzi alisoma karatasi ya mapigo akasema moyo wangu umetulia kuliko nilivyokuja. Wenzangu wakapiga makofi, mjukuu wangu akanikumbatia mbele ya watu. Nilishindwa kuinua uso. Nimemzidi mama umri mara mbili, na ninashangiliwa kwa kosa lile lile nililomchongea yeye.