Siku Mama Alipopanda Jukwaani

Mutanicheka, najua, na ni haki yenu, lakini mkasa huu sijawahi kuusema mbele ya maikro, na hata nikiukumbuka peke yangu ndani ya tramu naona uso unawaka, nashuka kabla ya kituo changu.

Munanijua: sura ya Korea, jina la Ubelgiji, Kiswahili cha Bukavu. Walionilea ni walimu wawili Wabelgiji, walinichukua Korea sijajua hata kutembea, wakanileta Bukavu walikokuwa wanafundisha, na huko nikakua nikiitwa Muchina mpaka vita ikatufukuza tukaja Bruxelles, kwao Ubelgiji, ambako watu nao wakaniita Muchina (kwa Kifaransa, mara hii). Muntu wa namna hiyo atafanya kazi gani? Nikawa mchekeshaji.

Kilichonipa jina ni kichekesho kimoja tu. Tangu utoto nilichoambiwa ni kwamba niliokotwa mlangoni pa kituo cha polisi, basi, mengine yote, jinsi mama aliyenizaa alivyonitupa, niliyajaza mwenyewe. Nilikuwa navua koti, nalikunja kama mtoto mchanga, nalibembeleza, nalilaza chini, naangalia kushoto, naangalia kulia, halafu natoka mbio nimeinua sketi ambayo sikuivaa. Watu walikuwa wanalia kwa kucheka. Miaka mingi nimekula kwa mbio zile.

Alors, mwaka jana huyo mama akapatikana, kwa vile vipimo vya mate watu wanavyotuma siku hizi kutafuta ndugu, na akapanda ndege akaja kuniona. Mwanamke mfupi, vidole vimepinda kwa kazi ya kiwandani. Yeye Kifaransa hajui, mimi kwa Kikorea siwezi hata kuomba maji, kwa hiyo kati yetu alikaa Minji, mwanafunzi Mkorea anayeishi Ixelles, akitutafsiria kwa Kifaransa. Kila mama alipoanza kuniambia mambo ya zamani mimi nilikatiza, chakula kinapoa, tutoke tutembee, chochote tu. Niliogopa. Ukweli wake nilikuwa sina pa kuuweka.

Jumapili yake nilikuwa na onyesho mchana, ukumbi mmoja karibu na Chaussée d'Ixelles, watazamaji wote watu wa Kivu, wa kwetu Bukavu na jirani. Maman Furaha, mwenye kuandaa, akaniwakia kwenye simu.

"Luc, mama yako anatoka mbali vile na haumuleti batu bamuone? Ile ni haya!"

Nikafanya uamuzi mdogo, uamuzi wa mjanja: nitamleta, lakini nitacheza Kiswahili kitupu, Kifaransa hata neno moja. Minji hajui Kiswahili, mama hajui, nani atajua? Nikamwambia Minji, "Akikuuliza, mwambie naongea habari za mvua na tramu."

Bon. Mwanzo ulienda vizuri kupita kiasi. Mama alikaa mstari wa mbele, watu wakicheka naye anacheka, anapiga makofi, anacheka mvua yake na tramu yake, na mimi kichwa kikavimba nikasema, "Wapendwa, mama aliyenizaa yuko hapa!" Ukumbi mzima ukasimama. Vigelegele! Mama akainama kushoto, akainama kulia. Halafu tonton mmoja, mzee, kule nyuma akapaaza sauti, "Muchina, tupe ile ya kukimbia!" na wengine wakadakia, ile ya kukimbia, ile ya kukimbia.

Ilifaa nikatae. Maneno nilikuwa nimeyaficha vizuri, lakini mikono haina lugha, na hilo sikuliwaza hata kidogo. Nikavua koti. Nikalikunja, nikalibembeleza, nikalilaza chini, nikaangalia kushoto, kulia, nikakimbia.

Niliposimama upande wa pili, mama alikuwa amesimama pia.

Akapanda jukwaani polepole, akaliokota koti, akalipakata, akalishikia shingo kwa kiganja, kama koti lina kichwa. Na watu wakacheka! Walidhani tumepanga. Nikasema kwenye maikro, "Jamani, si mchezo," wakacheka zaidi. "Nawaambia kweli, si mchezo!" Mtu mmoja alianguka na kiti chake. Mama akaanza kusema, sauti ndogo, na Minji akamfuata akatafsiri kwa Kifaransa huku analia, na Kifaransa wote mle ndani wanakijua.

"Anasema hakukimbia. Anasema alikuwa kazini. Mama mkwe wake alikubeba akakupeleka pale polisi, na yeye aliporudi aliambiwa umekufa."

Kicheko kilikufa mstari kwa mstari, mpaka wakabaki wawili watatu kule nyuma, Maman Furaha akawageukia, "Mufunge kinywa! Hamuone mama analia?" Akapanda, akavua kitenge chake cha juu akamfunika mama mabegani, akatupeleka jikoni nyuma ya ukumbi. Tukakaa kati ya masufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mama akamuuliza Minji kitu, na Minji akasita kwanza kunitafsiria.

"Anauliza, watu hucheka hivyo kila mara?"

Nikasema, "Kila mara."

Mama akatikisa kichwa taratibu, akaangalia mikono yake.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza kituo cha Gare du Nord kupanda treni ya uwanja wa ndege. Hakunikumbatia. Alinigusa shavu kwa mgongo wa mkono, kama anapima homa, akaingia. Sasa ananipigia simu ya video mara moja moja, na mimi najifunza Kikorea kwa Minji, kichwa kigumu kama jiwe. Tunaangaliana tu. Neno la kuomba radhi nalijua tayari, nimelisema; alijibu kitu kirefu ambacho bado sijakielewa, na safari hii sitaki mtu anitafsirie.

Nimeapa: sitamwigiza tena mtu ambaye sijamsikiliza, hata nikilala njaa. Lakini kila nikipanda jukwaani bado wanaipigia kelele ile ya kukimbia, na nikiwaambia imekwisha, imekufa, wanacheka.