Kibao Changu Kwenye Swichi

Mashine ilikuwa nzima. Umeme ulikuwepo, nesi alikuwepo. Na bado mtoto wa dada yangu alikufa kwa baridi, hatua mbili tu kutoka kwenye mashine ya joto.

Nina miaka sabini na tisa, naandika kwa kidole kimoja. Nivumilieni.

Mwaka 1974 nilikuwa fundi umeme mgodini, juu ya Kasese. Chuo kikuu kilikubaliana na mgodi: sisi tuwafundishe wanafunzi wao kushika spana, wao watufundishe mashine za hospitali. Miezi sita. Nikapata cheti, kichwa kikavimba kweli kweli.

Kazi ya kwanza ilikuwa mashine ya kulaza watoto njiti, hospitali moja ndogo upande wa Bwera. Niliifufua asubuhi moja tu. Ikabaki kupima joto, na kipimajoto nimekisahau karakana. Nikazima swichi, nikatundika kibao changu cha mgodini: USIWASHE. THEMBO.

Mgodini kibao cha mtu hakiguswi. Mwenyewe ndiye anakitoa. Ukigusa cha mwenzako unafukuzwa siku hiyo hiyo, maana unaweza kumuua akiwa ndani ya mashine.

Njiani kukifuata, kizuizi cha wanajeshi.

"Afande, mimi iko fundi ya hospitali..."

"Kaa chini! Nani amekuuliza?"

Nikakaa siku mbili.

Huku nyuma dada yangu Ithungu akajifungua kabla ya wakati, hospitali hiyo hiyo. Msichana wa kwanza, basi ni Masika. Kwetu jina humsubiri mtoto.

Niliporudi, nesi Mariat alikuwa mlangoni, macho mekundu.

"Umechelewa, Thembo. Mutoto ya dada yako amekufa."

"Na mashine? Kwa nini hamukuwasha?"

"Kibao yako iko pale! Bwana yangu iko mgodini, sheria najua. Nikasema fundi bado kumaliza, itachoma mutoto. Tulimufunika blanketi, tukakungoja."

Ilikuwa nzima, jamani! Nzima kabisa!

Ithungu akanishika mkono.

"Asante kaka. Najua ulijaribu kuitengeneza."

Sikumwambia ukweli. Dada tulimzika mwaka 2003, bado anaamini mashine ilikuwa mbovu.

Enyi mnaounganisha vyuo na viwanda, nisikilizeni. Chuo kilinifundisha mashine, mgodi ukanifundisha kumlinda fundi. Hakuna aliyenifundisha kukaa na nesi dakika tano nimwambie kilichobaki ni nini.